Fomu Niliyokujazia

Kaka Aloyce,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, kwa hiyo sikuulizi. Yangu si nzuri, na usitegemee nitakuchekesha kama zamani.

Leo ni Jumapili, mwezi wa saba, na baridi ya Mount Druitt, hapa Sydney, ni ile ile uliyokuwa ukiitukana kila asubuhi kituoni. Nimetoka kanisani, nimekaa jikoni kwangu na koti mwilini kwa sababu hita imeharibika na sijapata moyo wa kuitengeneza. Ni mwaka mmoja na miezi mitatu tangu helikopta ikushushe kutoka kule juu ukiwa umefunikwa. Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza, wiki hii nimejaza tena fomu ya safari ya Himalaya, na safari hii msafiri ni mkeo. La pili, kuna swali uliniuliza ukiwa hai, nikakujibu vibaya. Hilo la pili nitalifikia nikiweza.

Ghalani mambo ni yale yale. Forklifti yako anaendesha mama mmoja wa Kisamoa, anaimba kutwa nzima. Kikombe chako chenye picha ya mlima kiko kabatini kwenye chumba cha chai, hakuna anayekitumia na hakuna anayethubutu kukitupa. Craig na yule mrefu wa gati namba nne, wale Wazungu wawili mlioondoka nao, wananisalimia kwa kichwa halafu wanatazama chini. Hawajui kwamba wa kutazama chini ni mimi.

Unakumbuka lilivyoanza? Lilianzia pale pale kwenye chai. Craig alikuuliza unatoka wapi, ukasema Kilimanjaro, maana ukisema Rombo nani anaijua. Akauliza kama umeupanda. Ukasema hapana, na uso wake ukamshuka. Mimi nikaona aibu kwa niaba yako. Aibu ya nini, sijui mpaka leo. Nikadakia, "Anawatania huyu, kapanda mara tatu." Ukanitazama. Ungeweza kukanusha, lakini walishaanza kukupiga mgongoni, nawe ukacheka kile kicheko chako cha pembeni. Kuanzia siku ile wakakuita Kili.

Mara tatu, jamani! Wewe ambaye mzee wako, mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, wa miaka ishirini, aliyebeba mizigo ya wageni mpaka magoti yakaisha, alikukataza hata kuusogelea. "Mlima ni wa kutazama ukinywa uji," alikuwa akisema. Ulifika getini siku moja tu, kumpelekea koti alilolisahau, ukapigwa picha mbele ya kibao. Picha hiyo ndiyo iliyokuja kutundikwa sebuleni kwako, na kila aliyeingia akaamini mwenye nyumba ni mpanda mlima. Sisi wa Rombo tuna ugonjwa huu. Tumezaliwa tunauona mlima kila mawingu yakifunguka, basi tunadhani tunaujua. Mtu wa Lindi akiambiwa apande ataogopa baridi na atauliza maswali. Sisi hatuulizi, tutaulizaje na mlima ni wetu?

Basi wenzako wakapanga Himalaya wakakuvuta, na wakala wa safari akatuma fomu. Ukaja nayo kwangu kwa sababu fundi wa fomu ni mimi. Nimewajazia watu nusu ya mtaa huu: fomu za nyumba, za shule, za viza za mama zao. Na kwenye fomu za kazi tulishajifunza sote, ukiandika huna uzoefu hupati kitu. Mimi mwenyewe niliandika nimeendesha forklifti miaka miwili, na nilikuwa sijawahi hata kuikalia. Hakuna aliyekufa. Kwa hiyo kila nilipoona neno "uzoefu", mkono ulishajua cha kuandika, na ile ya mlima nikaijaza kama ya kazi.

Iliuliza mambo ya maana, sasa naona. Umewahi kutembea siku nyingi mfululizo? Umewahi kulala kwenye mwinuko gani, na mwili ulijisikiaje? Mwishoni kulikuwa na visanduku vitatu: anayeanza, wa kati, mzoefu. Ulikuwa unamenya chungwa. Ukasema, "Nova, weka hata wa kati." Nikakujibu, "Acha woga, mangi. Mchaga mzima, wa kati wa nini?" Nikaweka alama kwa mzoefu. Walipouliza mwinuko wa juu kabisa uliowahi kufika, nikaandika elfu tano mia nane tisini na tano bila hata kufikiri, maana namba hiyo tuliikariri tangu shule ya msingi. Ukacheka, ukanipa nusu ya chungwa.

Kwa wanaoanza walikuwa na njia za chini, siku tano au sita. Kwa mzoefu wakakupangia ile ya vivuko vitatu, yaani mapito matatu ya kuvukia kati ya vilele, karibu wiki tatu, kila kivuko kimepita mita elfu tano, na siku za kupumzika zimebanwa. Watu wale siwalaumu. Walisoma walichoandikiwa.

Ulifia Chukhung, kwenye nyumba ya wageni, mita elfu nne na mia saba na kitu, hata kivuko cha kwanza hujakiona. Craig alinisimulia kila kitu. Ulikohoa siku mbili, ukaanza kuyumba kama mlevi, na kiongozi wenu kila akikuuliza ulimjibu kwamba uko salama, wewe ni mtu wa Kilimanjaro. Asubuhi walikuja kukuamsha kwa chai. Ukarudishwa Rombo, ukazikwa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, pembeni ya mzee. Goreth alikwenda na jeneza. Mimi nikabaki hapa Sydney, nikatuma rambirambi.

Goreth unamjua kuliko mimi, ni mkeo, lakini ngoja nikueleze alivyokuwa mwaka huu. Bado anahudumia wazee kwenye kile kituo chao, shifti mbili mbili. Amekonda. Furaha wenu ametimiza miaka kumi na tatu, anasikia Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza, na amekuwa mkimya. Wakala alimwambia Goreth kwamba fomu yako ilionyesha umepanda Kilimanjaro mara tatu. Na Goreth anajua hujapanda, alishamsikia mzee wako kwa masikio yake. Akapiga hesabu mwenyewe: mume wangu alidanganya kwenye karatasi ili aonekane mwanamume mbele ya Wazungu, na uongo ule ukamuua. Alilala na hesabu hiyo mwaka mzima, akidhani imekamilika.

Mimi nilijua haijakamilika, nikanyamaza. Haki ya Mungu nilikuwa naenda kwao kila wiki, nakata majani, nabadilisha taa, napeleka unga, nanyamaza.

Misa ya mwaka tuliifanya Merrylands, kwaya yetu ikaimba vizuri kweli. Baada ya misa tukala ukumbini. Goreth akasimama kushukuru watu. Akashukuru wapishi, akashukuru padri, halafu akasema, bila kulia, "Aloyce alituacha kwa ajili ya sifa. Namuombea kila siku, lakini sijamsamehe." Furaha alikuwa amekaa meza ya mbele anamsikiliza. Watu wakatazama sahani zao. Mimi nilikuwa na sahani ya ndizi na nyama mkononi, na unajua nilifanya nini? Niliendelea kula. Niliimaliza.



Wiki iliyofuata nikakumbuka isale. Kwetu mtu akikosa, hapayuki. Anakata jani la isale, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea, na aliyepelekewa hawezi kulikataa. Nimeona watu waliotaka kukatana mapanga wakinywa mbege pamoja kwa sababu ya jani moja. Lakini isale Mount Druitt utaipata wapi? Nikaipata kwenye duka la vifaa vya bustani, kaka, ndani ya chungu cheupe, wameibandika karatasi kwamba inapendeza bafuni. Mmea ambao kwetu unaweka mpaka wa mashamba na kusuluhisha damu! Nilicheka peke yangu mle dukani, halafu machozi yakanitoka, mhudumu akaniuliza kama nahitaji msaada.

Nikakata jani, nikafunga fundo, nikamkabidhi Goreth kwa mikono miwili mlangoni kwake, nikainamisha kichwa nikasubiri. Unajua nilichosahau? Nilisahau kuwa mkeo ni Mrundi. Amekulia kambini Kigoma, isale ataijulia wapi? Akaligeuza geuza. "Hii jani ni ya mboga, shem? Inapikwaje?" Akaingia nalo jikoni, akalitia kwenye glasi ya maji, akaiweka mezani, akaniambia karibu chai.

Nilikuwa nimetegemea jani lisemee. Nikalazimika kusema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na chai ikapoa. Nikamwambia, "Shemeji, Aloyce hakuandika uongo. Niliandika mimi. Yeye alisema niweke wa kati, nikamwita mwoga." Nikamweleza na la chumba cha chai, na la mara tatu, na maana ya lile jani kwetu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akainuka, akaosha vikombe viwili ambavyo havijanywewa, akavipangusa, akavaa sare ya kazi. Mlangoni akasema, "Mwaka mzima, Nova. Mwaka mzima namlaani mume wangu, wewe unanikatia majani." Akaondoka. Jani likabaki kwenye glasi.

Wiki tatu hakushika simu yangu. Kanisani alikaa upande wa pili. Nikajua ndiyo basi. Halafu Jumapili moja Furaha akanitumia ujumbe, kwa Kiingereza chake, kwamba mama anasema nije na kompyuta.

Nikaenda jioni ile ile. Goreth alikuwa amefuta meza, ile glasi iko pembeni na jani limeanza kuwa la njano. Hakunisalimia kwa mkono. Akasema, "Kaburi nimeliona. Mahali alipofia sijapaona. Nataka kwenda Chukhung mwezi wa kumi. Wewe ndiye fundi wa fomu, na utakwenda na mimi. Nitafutie njia." Nikasema sawa, shemeji. Ningesema nini kingine? Angeniambia nimbebe mgongoni ningesema sawa.

Tangu hapo, kaka, nimesoma kuhusu milima ile kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Kama ningesoma robo tu ya haya wakati ule! Kuna kijilima kimoja watu wanapanda alfajiri kutazama jua, mita elfu tatu na mia mbili, siku tano unarudi, mtu yeyote mwenye miguu anaweza. Kuna bonde la Langtang, la juu kidogo, mtu wa mazoezi. Kuna njia ndefu ya kwenda kwenye kitako cha ule mlima mkubwa kuliko yote, siku kumi na mbili na zaidi, na hiyo inataka mtu aliyewahi kulala juu akajua mwili wake unasemaje. Halafu ndiyo ile yako, ya vivuko vitatu, na kila ninaposoma wameandika sentensi ile ile: si ya mtu wa mara ya kwanza. Imeandikwa wazi, kwa maneno mepesi. Mtoto wa darasa la tano angeelewa.

Nimejifunza pia kwamba ukipita mita elfu tatu unapanda kidogo kidogo, mia tatu mpaka mia tano tu kati ya unapolala leo na utakapolala kesho, na kila baada ya siku chache unapumzika. Nikakumbuka mzee wako na "pole pole" yake iliyokuwa ikituudhi utotoni. Tulidhani ni uzee, kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Tukaanza mazoezi. Kila Jumamosi tunapanda treni kwenda Katoomba, kwenye milima midogo ya nje ya jiji, tunashuka zile ngazi za mwambani mpaka bondeni, halafu tunazipanda tena. Goreth hana haraka. Magoti yamechoshwa na kuinua wazee vitandani, lakini anakwenda, anahesabu kwa Kirundi, akifika mia anasimama, anakunywa maji, anaanza upya. Wazungu wenye viatu vya bei wanatupita wakikimbia na tunawakuta mbele wameshika viuno. Hatukuwa tunaongea sana. Aliniambia tu ya lazima: shika chupa, tazama utelezi.

Jumamosi ya nne alisimama katikati akashika paji la uso. "Kichwa kinagonga, shem," akasema. Pale si mwinuko wa kumwumiza mtu, ulikuwa uchovu wa shifti tu. Lakini sikia nilichojibu. Nikasema, "Kidogo tu, tumekaribia."

Maneno yalitoka yenyewe. Nikakaa kwenye ngazi, watu wakanipita, nikamwambia shemeji kaa, kuna jingine sijakuambia.

Ndilo lile la pili, kaka. Nimefika.

Ulinitumia ujumbe wa sauti ukiwa Namche, siku chache kabla ya Chukhung. Ninao mpaka sasa kwenye simu. Unasikika umechoka, upepo unapuliza, mtu anacheka nyuma yako. Unasema, "Nova, kichwa kinapasuka. Sijalala. Hawa wenzangu wako sawa. Unaonaje, nishuke? Niambie." Nilikuwa kazini, mapumziko ya chai. Nikakuandikia, "Meza dawa upande. Usituaibishe Wachaga." Nikaweka na vile vikatuni vya kucheka. Hukunijibu tena. Nikadhani hakuna mtandao.

Goreth akaomba simu. Akaisikiliza sauti yako mara tatu, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili, macho kafumba. Akasoma na jibu langu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, akakisema polepole, hata hasira hamna. "Angeniuliza mimi ningemwambia ashuke. Ndiyo maana akakuuliza wewe." Akanirudishia simu. Kwenye treni akakaa behewa lingine.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Nilijua sitakiwi. Saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia. "Uko wapi? Treni inakuja." Nikakimbia bila soksi.

Sasa sikia la wiki hii. Kuanzia Jumapili ile ya kwanza nilikuwa najua jambo moja na nimelificha, kwa tabia ile ile. Nilijua Goreth hapaswi kwenda Chukhung. Mwanamke wa miaka arobaini na tano, hajawahi kulala hata mita elfu mbili, presha inapanda na kushuka, likizo amepewa wiki mbili kasoro. Ukizihesabu siku kama inavyotakiwa, na mapumziko yake, na siku ya akiba, anaweza kufika Namche, alale mara mbili, asogee mpaka Tengboche kwenye ile nyumba ya watawa, mita elfu tatu na mia nane na kitu, basi. Zaidi ya hapo ni kubahatisha. Nilikuwa nasubiri tu, pengine mazoezi yatasaidia, pengine atabadilisha nia mwenyewe. Woga wangu ni ule ule.

Alhamisi alipika dagaa na muhogo, akafungua kompyuta, akasema tujaze. Nikasema, "Hapana, shemeji." Akadhani nataka tule kwanza. Nikarudia. Nikamwambia Chukhung hatufiki, tutaishia Tengboche, nikamwonyesha siku nilizozipanga kwenye daftari. Akalitazama daftari, halafu akanitazama mimi. Kaka, hujawahi kumwona amekasirika vile. "Mume wangu ulimpeleka asikoweza," akasema, "mimi unanizuia?" Nikasema ndiyo. "Kwa haki gani?" Nikamwambia sina haki yoyote, ila fomu sitajaza uongo tena, na kama anataka ajaze mwenyewe au atafute mtu mwingine. Furaha akatoka chumbani akasimama mlangoni. Na huyu mtoto, ambaye sijasikia neno la Kiswahili kinywani mwake tangu ufe, akasema, "Mama, na wewe usife."

Goreth akakaa. Akalia, kaka. Kwenye mazishi nasikia hakulia, kwenye misa hakulia, akalilia pale, juu ya dagaa. Furaha akamshika bega. Mimi nikatazama lile jani.

Alipomaliza akavuta kiti karibu na kompyuta. "Uliza," akaniambia. Nikauliza kama ilivyoandikwa. Umewahi kupanda mlima mrefu? Hapana. Umewahi kulala juu ya mita elfu tatu? Hapana. Nikaandika hapana, hapana, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa nzito kuiandika kuliko ule uongo wote niliowahi kuuandika katika nchi hii. Umewahi kutembea siku nyingi mfululizo? Akafikiri. Akasema, "Nikiwa na miaka sita nilitembea siku tisa, kutoka kwetu mpaka mpakani Kigoma, nimeshika kanga ya mama. Hiyo inahesabika?" Nikasema inahesabika kwa mwendo, haihesabiki kwa mwinuko. Akacheka, kaka. Kidogo tu, puani, lakini alicheka. Nikaiandika, siku tisa, bila kueleza.

Kwenye visanduku vitatu akaweka alama yeye mwenyewe, kwa kidole chake: anayeanza. Halafu nikajaza yangu, mbele yake, nikaweka alama pale pale. Palipoandikwa mwinuko wa juu kabisa niliowahi kufika, nikaandika Rombo, nyumbani kwetu.

Kuhusu jani sijui nikuambieje. Limekauka, limekuwa la kahawia, fundo bado limeshika. Wakati naaga nilimwona analitoa kwenye glasi, analipangusa kwa taulo la vyombo, analitia kwenye mfuko wa safari aliokwisha kuununua. Nikamuuliza kama amelipokea. Akasema, "Silo langu. La kwangu utaniletea siku nyingine. Hili tunampelekea mwenyewe." Sijui kwenye mila hilo limekaaje, na wa kumuuliza huku sina.

Kwa hiyo tunakuja, kaka, mwezi wa kumi, ila hatutafika ulipofia. Nisamehe na hilo. Kama siku hiyo pana mawingu, hatutaona hata upande ulikofia. Goreth amesema haidhuru, atasimama Tengboche aseme alilonalo, na kwamba hasira zake na wewe zimekwisha, zilizobaki ni juu yangu. Ile picha ya getini ameishusha ukutani na kuiandika nyuma kwa mkono wake: Aloyce akimpelekea baba yake koti. Furaha ameirudisha ukutani. Sasa kila anayeuliza ataambiwa hivyo, na ukiniuliza mimi, hiyo ni sifa tosha kwa mtu yeyote.

Nakuahidi hivi. Asubuhi na jioni nitamuuliza shemeji kichwa kinasemaje, na jibu lake la kwanza ndilo nitakaloliamini. Akisema kinagonga, tunashuka, hata kama Tengboche tunaiona kwa macho. Kikinigonga mimi nitasema kwa sauti, mbele za watu, wakicheka wacheke. Na nikirudi sitamjazia mtu fomu mpaka nimemuuliza mara mbili, na akisema weka wa kati, nitaweka wa kati.

Sasa nakuaga. Hita bado mbovu na mkono umeganda. Lakini swali lako bado liko kwenye simu yangu. Leo nimelisikiliza tena, na chini yake yako yale maneno yangu na vile vikatuni vinacheka. Nimeamua kukujibu upya, hata kama nimechelewa.

Ndiyo, Aloyce. Shuka. Shuka sasa hivi, uache mzigo hapo hapo. Hakuna atakayekucheka. Shuka, kaka, urudi nyumbani.

Novatus wako